Gamenti ya hekaluni katika joto la kaskazi: nifanye nini bila kuvunja agano langu?

Mkaazi wa Likoni anauliza:

Ndugu zangu, naomba nieleze jambo ambalo sijaweza kulisema kanisani, kwa sababu kila nilipojaribu maneno yalinikwama kooni. Mimi ni mshiriki wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi mtaani kwetu bado wanaliita la Wamormoni. Hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, sisi tulio Pwani tulifurahi mno, maana waliotutangulia katika imani hii walilazimika kusafiri hadi Johannesburg ili wafanye yale ambayo sasa tunayafanya kwa safari ya treni ya siku moja. Miezi miwili baadaye nilikwenda, nikapokea endaumenti yangu, yaani ibada ya hekaluni ambamo mtu hufanya maagano na Mungu, na tangu siku ile nimevaa gamenti mchana na usiku kama nilivyoagana na Mungu.

Kwa wasiojua, gamenti ni vazi la ndani, jeupe, la vipande viwili: cha juu kina mikono mifupi, na cha chini kinashuka hadi karibu na magoti. Huvaliwa chini ya nguo za kawaida na mtu mzima aliyekwisha kufanya maagano hekaluni, wala si nguo ya Jumapili pekee. Ninaipenda kwa maana yake, na nawaomba wanaosoma wasiifanyie mzaha.

Nilianza kuivaa wakati wa kusi, upepo ukivuma na usiku ukiwa wa baridi kidogo, kwa hiyo sikuhisi shida yoyote. Kaskazi ilipoingia mambo yakabadilika. Nina harara chini ya matiti na kiunoni pale mpira unapobana, mapaja yamechubuka kwa ndani, na tangu Desemba nimepata fangasi mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kunipata hata nilipokuwa mjamzito. Siku za hedhi ndizo ngumu zaidi, kwa sababu kipande cha chini ni kipana na pedi haishiki mahali pake. Niliambiwa na dada mmoja kwamba gamenti ndiyo igusane na ngozi kwanza, na kwamba chupi na sidiria zivaliwe juu yake. Nimejitahidi kufanya hivyo, lakini sidiria juu ya kitambaa kilicholowa jasho inanikwaruza hadi natoa damu.

Kuna na mengine ambayo si ya ngozi. Tunaishi nyumba za kupanga zenye ua mmoja na kamba moja ya kuanikia, na nilifundishwa kwamba vazi hili halipaswi kuwekwa wazi mbele ya watu wasioelewa maana yake. Kwa hiyo ninalianika chumbani nyuma ya mlango, mahali pasipo jua wala upepo, na mara nyingi nalivaa likiwa bado na unyevu. Hata hivyo mama mkwe aliliona siku moja, akazitazama zile alama ndogo zilizoshonwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepewa hirizi. Mume wangu si mshiriki, ni mtu mwema na hajawahi kunizuia, ila umeme ulipokatika usiku mmoja na joto likawa la kukosesha pumzi, aliniuliza, "Hata usiku huu, mama watoto?" Nilikosa la kumjibu.

Nimewaza kumpelekea fundi cherehani aipunguze, lakini moyo umekataa. Nimewaza kuivua usiku, na napo moyo umekataa. Kila baada ya miaka miwili tunahojiwa ili kupewa kibali cha kuingia hekaluni, na swali la gamenti limo katika mahojiano hayo, nami sitaki kufika mbele ya kiongozi wangu nikatoa jibu la nusu. Je, kuna aliyepitia haya, na alipataje njia ambayo mwili unapona na agano linabaki?

Muuguzi wa Kisauni anajibu:

Dada yangu, pole sana. Mimi ni Muislamu na sina neno la kusema juu ya agano lako, lakini kliniki ninakofanya kazi huwaona wanawake wenye shida kama yako kila wiki, wa dini zote, wengine kwa sababu ya suruali za kubana, wengine kwa kuvaa nguo juu ya nguo katika joto hili.

Fangasi huishi mwilini mwa wanawake wengi bila kuleta madhara, na huzidi pale penye joto, unyevu na hewa haba. Kitambaa cha nailoni au cha kuteleza hushika jasho karibu na ngozi, ilhali pamba hulinyonya, ingawa pamba nayo ikilowa ni lazima ibadilishwe. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: gamenti zako ni za kitambaa gani, na unazo ngapi? Mwanamke anayetoka jasho kama tunavyotoka sisi mwezi wa pili anahitaji kubadili nguo ya ndani angalau mara mbili kwa siku, na kama ana jozi chache asizoweza kuzikausha, basi shida iko palepale hata kitambaa kiwe kizuri namna gani.

Hilo la kuanika nyuma ya mlango limenishtua zaidi kuliko yote. Nguo ya ndani inayovaliwa na unyevu ni makao ya fangasi. Bibi zetu wa Pwani hawakuanika nguo zao za ndani hadharani, lakini hawakuzinyima jua pia: waliziweka kambani na kuzitandazia leso juu, na jua na upepo vikafanya kazi yake bila mtu kuona kitu. Fanya vivyo hivyo. Hakuna jirani atakayeinua leso ya mwenzake kuangalia kilicho chini yake.

Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, kwa sababu si kila muwasho ni fangasi, na antibaiotiki zinazonywewa ovyo huua bakteria wazuri na kuzidisha fangasi zenyewe. Usijisafishe ukeni kwa sabuni wala ndimu, na gamenti uzifue kwa sabuni isiyo na manukato makali, uzisuuze hadi maji yawe meupe. Kwa kuwa imekupata mara mbili ndani ya muda mfupi, pima sukari, pima ujauzito, na kama hujapima virusi vya UKIMWI karibuni pima pia, kwa sababu fangasi zinazorudi huwa na sababu nyingine nyuma yake, na itakuwa dhuluma kuisingizia nguo peke yake.

Jambo la mwisho nalisema kwa heshima. Kitabibu tunamshauri mwanamke mwenye tatizo hili alale bila kitu kinachobana sehemu hizo ili zipate hewa. Kama dini yako ina namna ya kuliwezesha hilo, waulize wanaojua.

Shangazi wa Salt Lake anajibu:

Mwanangu, nimesoma barua yako mara mbili, na ya pili nilisoma huku nalia, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza ulikuwa hivyohivyo. Mimi ni mwenyeji wa Lubumbashi, lakini nimeishi Utah kwa miaka mingi sasa, na nimezeeka ndani ya vazi hili. Nimelivaa nikiwa na mimba, nikinyonyesha, na sasa katika ule umri ambao joto linapanda lenyewe kutoka ndani hata nje kukiwa na theluji.

Nianze na yule dada aliyekuambia habari ya sidiria. Alikufundisha kwa nia njema lakini alikosea. Kitabu cha Maelezo ya Jumla cha kanisa kinasema waziwazi kwamba nguo nyingine za ndani zivaliwe juu au chini ya gamenti kwa kadiri mtu mwenyewe anavyopenda. Vaa sidiria yako kwenye ngozi, vaa chupi yako chini siku za hedhi na pedi ishike mahali pake, na usiombe msamaha kwa mtu yeyote. Inaniuma kwamba desturi hii ya kusikia kwa jirani imewatesa wanawake wengi kwa miaka mingi, wakidhani ni amri, kumbe yalikuwa mazoea ya nyumba fulani.

Umefanya vyema kutompelekea fundi, kwa kuwa tumeelekezwa tusiibadili gamenti ili ifuate mtindo wa nguo za nje. Lakini lisikuhuzunishe wazo la kwamba vazi lenyewe limebadilika, kwa sababu limebadilika mara nyingi, na waliolibadili ni wale wenye mamlaka ya kufanya hivyo. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, alipoianzisha endaumenti huko Nauvoo, Illinois, mwaka 1842, gamenti ilikuwa kipande kimoja kilichofika vifundo vya mikono na vya miguu, chenye kola na kufungwa kwa kamba. Mwaka 1923 Urais wa Kwanza, yaani viongozi wakuu wa kanisa, uliruhusu mikono ifupishwe hadi kwenye viwiko na miguu hadi chini kidogo ya magoti, kola ikaondolewa, na vifungo vikachukua nafasi ya kamba. Mwaka 1979 vikaja vipande viwili. Kila mara walikuwapo waliohofu kwamba utakatifu unapunguzwa pamoja na kitambaa, na kila mara agano lilibaki lilivyokuwa.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu. Mnamo Oktoba 2024 kanisa lilieleza kwamba mitindo mipya inaletwa kwa ajili ya nchi zenye joto na unyevu, na safari hii Afrika na Asia ndizo zilizotangulia, sisi wa Marekani tukasubiri hadi mwaka 2025. Kuna kipande cha juu ambacho mikono yake imekatwa juu zaidi begani, kwa hiyo kwapa linapata hewa. Kuna na cha wanawake kilichoshonwa kama shumizi, na kingine kama sketi ya ndani, ambacho hakina miguu ya kubana mapaja. Ukivaa hicho usiku, yale aliyokushauri dada muuguzi yanawezekana bila kuvua chochote, na siku za hedhi unavaa chupi yako chini yake kama mwanamke mwingine yeyote. Inawezekana kabisa uliponunua hukuonyeshwa, au uliona aibu kuuliza mbele ya watu. Uliza sasa. Uliza pia habari ya vitambaa, kwa sababu kuna vya pamba na kuna vyepesi vyenye vitundu vidogo, na kinachomfaa mwenzako kinaweza kukuwasha wewe. Nunua jozi moja ya kila aina, uijaribu wiki nzima, ndipo ununue nyingi, na usichukue saizi ndogo kwa kutaka isionekane chini ya nguo. Mimi nilifanya kosa hilo kwa miaka sita.

Usidhani ni wewe peke yako uliyelalamika. Hapa Utah wanawake walisemezana mambo haya chini kwa chini kwa miaka mingi, kisha wakaanza kusema hadharani, na mwaka 2021 habari yao ikafika kwenye gazeti la New York Times, wakieleza maambukizi, mishono inayokwaruza na vitambaa visivyopitisha hewa. Baadhi yetu wakongwe tuliona haya kuyasoma. Leo nawashukuru wale mabinti, kwa sababu walisema tuliyoyaficha.

Kuhusu mama mkwe, mimi ningemwambia ukweli kwa kifupi. Gamenti si hirizi. Hirizi huvaliwa ili kitu kifanye kazi chenyewe, lakini gamenti huvaliwa ili mtu akumbuke, kama pete ya ndoa. Mnamo 2024 viongozi wetu walieleza tena kwamba inatukumbusha pazia la hekalu, ambalo ni ishara ya Yesu Kristo. Alama zenyewe sitazieleza hapa, na wewe huna deni la kumweleza kila moja. Kanisa lenyewe lilitoa video mwaka 2014 likionyesha mavazi haya na kuyalinganisha na joho la padri, vazi la mtawa na kofia ya Muislamu, ili watu waelewe na waache kebehi. Mama yako amezaliwa Pwani, anajua nguo ya ibada ni kitu gani. Hataelewa yote, lakini ataacha kuogopa.

Na mumeo, mpe jibu alilolikosa usiku ule. Mwambie kwa nini. Hakukuuliza kwa ubaya.

Niliyeiacha anajibu:

Nimesoma majibu haya kwa makini, nami nataka kusema neno la upande wa pili bila kumdharau mtu. Nilipokea endaumenti kabla ya safari yangu ya umisionari, nikavaa gamenti kwa miaka tisa, kisha nikaacha kuvaa, na baadaye nikaliacha kanisa. Sikuondoka kwa sababu ya harara. Nilichoka kuulizwa juu ya nguo yangu ya ndani na mwanamume aliyekuwa upande wa pili wa meza, hata kama swali lenyewe lilikuwa fupi na aliyeuliza alikuwa na adabu. Na nilichoka zaidi na wenzangu waliokuwa wakitazama mshono kwenye paja la mtu alipoketi, ili wajue kama anavaa au havai.

Mkaazi wa Likoni, umeandika kwamba hutaki kutoa jibu la nusu. Ninachokuomba ni kwamba usijipe nawe hukumu kwa kosa ambalo hujalitenda. Uliumia miezi kadhaa, ukatoka damu, na bado ukaandika kana kwamba mkosaji ni wewe. Mwili uliokuwa ukikuwasha ulikuwa unakuambia kweli. Ukibaki, baki kwa hiari yako. Siku ukiamua kuivua usiku mmoja ili upone, usiache mtu yeyote akuambie kwamba Mungu amekuhesabia dhambi.

Shangazi wa Salt Lake anajibu:

Ndugu uliyeiacha, nimekusikia, na juu ya wale wanaotazama mshono wa mwenzao nakubaliana nawe kabisa. Ni dhambi ya macho yao, na nimeisema katika mkutano wa kina mama wetu hapa hadi wengine wakanikasirikia. Juu ya mahojiano tunatofautiana. Mimi huliona swali lile kama fursa ya kusema na Mungu mbele ya shahidi, nawe uliliona vingine, na siwezi kukuambia hukuhisi ulichohisi.

Kwa mwanangu wa Likoni naongeza hili, maana limeguswa. Tumeelekezwa tusivue gamenti kwa kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa ameivaa bila taabu isiyo ya kawaida, na hapohapo inafahamika kwamba anayeogelea huivua na kuivaa tena baadaye. Mashauri hayo yaliandikwa kwa watu wenye akili na dhamiri. Matibabu nayo ni sababu ya haki. Ukipewa dawa ya kuweka na muuguzi akasema sehemu ibaki wazi usiku tatu, omba, uamue na Bwana wako, na siku ya mahojiano ueleze hivyohivyo. Hilo ni jibu zima.

Fundi wa Mbagala anajibu:

Nashukuru kwa mada hii, kwa kuwa wanaume nasi tunaumia ila hatusemi. Mimi ni fundi ujenzi Dar es Salaam. Nilikwenda hekaluni Johannesburg kabla ya ndoa yangu, nikarudi na jozi nne tu kwa kuwa fedha ziliishia kwenye nauli, na kwa mwaka mzima nilikuwa nafua kila usiku. Kwenye mtambo wa zege wenzangu hufanya kazi vifua wazi. Mimi nilibaki na fulana mbili, na waliniita mchungaji kwa utani hadi wakazoea.

Kilichonisaidia ni kuchukua saizi kubwa zaidi, kwenda kazini na jozi ya pili kwenye mfuko na kubadili saa ya chakula, na kupaka poda ya mtoto pale mapaja yanapogusana. Zilizochakaa usizitumie kama tambara la kudekia. Kata zile alama na uziharibu, kisha ukate na kitambaa kilichobaki kisitambulike, ndipo utupe. Nimeandika haya kwa sababu nilimkuta kijana mmoja eneo la kazi anafutia mikono kipande cha yangu, nikaumia sana, na kosa lilikuwa langu.

Mkaazi wa Likoni anajibu:

Nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kufanya, ndipo nishukuru. Nilikwenda kliniki, nikapimwa, sukari iko sawa na ujauzito haupo. Ya pili kumbe haikuwa fangasi, nilikuwa nimenunua dawa isiyo yake. Sasa nina dawa iliyo sahihi.

Kwa miezi yote hii nilivaa jozi tano za kitambaa cha kuteleza, kwa kuwa nilivutiwa na wororo wake mkononi. Nimeagiza mbili za pamba na moja ya ile sketi. Ndugu uliyeiacha, maneno yako kwamba niliandika kama mkosaji yamenikaa moyoni, na nimeyasoma pamoja na mume wangu. Ndiye aliyesema, "Basi mwambie mama ukweli." Nilimwambia habari ya pete. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ndiyo sababu nilikuwa naanika vitu gizani kama mwizi, kisha akaingia chumbani kwake akatoka na leso yake ya zamani, ile kubwa. Asubuhi ya leo aliitandaza mwenyewe juu ya kamba, na kufikia saa tano zilikuwa zimekauka.